Samaki Wasio na Jina

Mombasa, tarehe 8 Septemba 2024

Mujomba wangu Karangwa,

Pokea salamu zangu, pamoja na za Mama Kahambu mwenye duka ninakofanya kazi. Yeye njo anatia barua hii mikononi mwa Archange, dereva wa lori lake. Archange anasema akifika Butembo atazunguka Kisangani na kushuka Lubutu mpaka Walikale, kwa kuwa njia ya Sake haieleweki. Basi ikikufikia na harufu ya mazuti ya lori, ile dizeli, usinilaumu. Mimi ni mzima. Tangu mnara wa simu wa Itebero unyamaze sijasikia sauti ya Mama, lakini namshukuru Mungu kwamba alikimbia vita kijijini kwetu Kibabi akafika kwako na miguu yake yote miwili.

Sasa jambo lenyewe. Nimepata chumba chenye dirisha, kinatosha watu wawili, na nataka Mama aje akae nami. Mara ya mwisho tulipoongea aliniuliza: "Nikuje nifanye nini? Nitazame ukuta? Muntu mwenye hana kitu cha kulisha asubuhi, anaamuka juu ya nini?" Mwenye nyumba hapa hakubali hata kuku. Ila kuhusu samaki hajasema neno. Kwa hiyo namtengenezea Mama kipande cha bahari ndani ya nyumba, awe na cha kulisha.

Usicheke. Vioo ni vya kabati la biskuti la dukani lililovunjika upande mmoja. Nimevikata, nimeviunga kwa silikoni na kuliacha tangi likauke wiki nzima. Pampu ya hewa ni kuukuu, inakohoa lakini inafanya kazi. Mchanga na maji nimechota baharini, bido kwa bido ya lita ishirini. Kuna wanawake hapa wanaopanda upya matumbawe yaliyokufa. Wameniruhusu nitunze vipande viwili vilivyovunjwa na mawimbi. Ukiyaona utasema ni mawe, kumbe ni viumbe. Mchana yanafungua vidole vidogo, ukigonga kioo yanajikunja. Samaki bado, ila nimekwisha kuona ninaowataka, wenye rangi ya kutu. Wanasema maji lazima yaive kwanza majuma kadhaa, la sivyo wanakufa.

Nina wasiwasi mmoja. Maji yanapungua, vidole viwili kila juma, na tangi halivuji. Najaza na maji ya bahari, yanapungua tena. Wewe umeishi na maji ya chumvi kwenye kazi yako ya fromaji, ukiloweka jibini Kibabi. Nifanye nini?

Na umwombe Mama jina la samaki wa kwanza. Nataka aliteue yeye.

Wako,
Benita


Itebero, 20 Oktoba 2024

Mpwa wangu Benita,

Barua imefika na harufu uliyoahidi, kona moja ikiwa imelainika kwa unyevu. Hapa mvua hainyeshi, inakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Goti langu la kushoto linaijua kabla ya mawingu. Muhogo umekubali, mahindi yamekataa. Watu wa hapa bado wananiita mgeni, ingawa nimezeeka mbele ya macho yao, na wananiita hivyo kwa upole.

Nilimsomea mama yako barua yako. Akaguna. "Samaki? Wanakamuliwa wapi?" Nikamwambia hawakamuliwi. "Ao ngozi yao iko na faida?" Nikasema hapana. Akarudi kwenye maharage yake, nikadhani mambo yameisha. Kesho yake, anafagia, akauliza bila kuniangalia: "Wanakula mara ngapi?" Na jioni: "Wanalala namna gani, na hawana kope?" Benita, mtu asiyetaka kitu haulizi kinalala vipi.

Habari ya jina ni ngumu zaidi. Unakumbuka kwamba katika kundi lote la ng'ombe la Kibabi amebaki Bihogo peke yake, yule wa rangi ya damu iliyokauka, ambaye mama yako alimwachia jirani yetu Valens alipokimbia. Nilimwambia kwa mzaha: samaki wa Benita wana rangi ya kutu, basi mmoja aitwe Bihogo. Alinitazama kana kwamba nimetukana. Nilikuwa nimesahau kanuni ya baba yetu: jina la ng'ombe aliye hai halipewi mwingine, maana ni kumwitia mauti. Kwa hiyo samaki wako watakaa bila jina. Lakini alisema pia hivi, na nayaandika kama yalivyotoka: "Bihogo iko na mimba. Akizaa muzuri, nitamwachia Valens wote wawili, kisha nione hiyo bahari ya mutoto." Nimeyasikia kama ndiyo.

Sasa maji. Hapo una bahati, umeuliza mwenye kazi yake. Chukua yai bichi, litie ndani. Likizama, maji ni dhaifu na yataoza. Likielea na kuonyesha mgongo wa ukubwa wa sarafu, yako sawa. Kila yanapopungua ongeza maji ya chumvi, na juu yake konzi ya chumvi ya jikoni, kwa sababu chumvi nayo huwa inaliwa. Hivyo ndivyo nilivyotunza maji ya jibini Kibabi mpaka siku niliyoyaacha, na hayakuharibika kamwe. Usiogope chumvi.

Mama yako anasema: vaa kitu kizito jioni. Nimemweleza hali ya hewa ya Mombasa, hakubali.

Mjomba wako,
Karangwa


Itebero, 3 Desemba 2024

Benita mpwa wangu,

Salamu. Sijangoja jibu lako, na utaona kwa nini. Nimempa barua hii mwenye pikipiki anayekwenda Walikale, naye ameapa kumkabidhi mtu wa Lubutu. Sina njia ya haraka kuliko hiyo.

Usitie chumvi. Kama umetia, acha leo hii.

Juzi niliazima kamusi kubwa ya Kifaransa ya katekista wetu Zéphyrin nikitafuta neno jingine kabisa, jicho likaanguka kwenye neno bahari. Lita moja ya bahari ina gramu thelathini na tano za chumvi. Maji yangu ya jibini yalikuwa na zaidi ya mia mbili. Yai bichi litazama baharini popote utakapolitia, na bahari haijaoza tangu iumbwe. Nilikufundisha kuhifadhi maiti ya maziwa, wewe ukiwa umeuliza namna ya kutunza walio hai. Nimekaa na jambo hilo usiku wa pili sasa. Nahesabu wapi Archange anaweza kuwa na barua yangu ya kwanza, na kila nikihesabu namkuta amekwisha kufika kwako.

Mama yako hana neno. Hayupo karibu ninapoandika, ndiyo maana hujapata mstari wake leo.

Niandikie kwa njia yoyote.

Karangwa


Mombasa, tarehe 15 Desemba 2024

Mujomba wangu,

Salamu za Noeli kwako na kwa Mama. Hapa joto linapasua kichwa. Mwambie Mama nguo nzito nimeitunza kwa siku atakayokuja kuivaa mwenyewe.

Barua yako ya Oktoba ilifika. Niliisoma nimesimama dukani, nikacheka juu ya kope mpaka Mama Kahambu akauliza kama nimepata mchumba.

Samaki wawili waliingia mwezi uliopita. Mzee anayewauzia wenye hoteli alinipa wadogo waliokuwa hawanunuliwi: rangi ya kutu, mikanda myeupe mitatu, wanaogelea kama watu waliosahau kitu nyumbani. Nikatia yai, likazama. Nikaongeza chumvi jioni tatu mfululizo, kidogo kidogo. Yai likaendelea kuzama. Matumbawe yakafunga vidole na kukataa kufungua. Jioni ya tatu samaki mdogo akalala ubavu, asubuhi nikamtoa na kijiko.

Nilikaa sakafuni mbele ya kioo, njo nikaona. Juu ya maji, pale yalipofika zamani, kulikuwa na ukanda mweupe umegandia kioo. Nikaulamba. Ni chumvi. Mujomba, hapa hakuna anayeila. Maji peke yake njo yanaondoka, chumvi inabaki pale pale, na mimi kila juma namwongezea aliyebaki mzigo. Kilichotakiwa ni maji matamu tu. Ya kisima hapa nayo yana chumvi, kwa hiyo natega ya mvua. Nimepunguza yale ya zamani bakuli kwa bakuli siku nyingi, kwa kuogopa kumshtua aliyebaki. Leo tumbawe moja limefungua vidole viwili.

Sikulaumu. Fromaji yako ilikuwa nzuri, nakumbuka ukoko wake. Ila usimwambie Mama kwamba mmoja amekufa. Mwambie wako wawili. Nitatafuta wa pili kabla hajaja.

Bihogo amezaa?

Benita


Itebero, 16 Februari 2025

Mpwa wangu Benita,

Sijui kama unapokea ninachoandika. Kwangu hakijafika kitu tangu barua yako ya Septemba. Umesikia redioni vita vilivyofika Masisi na Sake mwezi uliopita, na baada yake Goma. Watu wanapita hapa wakielekea magharibi, wengine wamebeba magodoro, mmoja alibeba mlango. Nilimuuliza mlango wa nini. Akasema, "Papa, nyumba wamechoma, ila mulango ulikuwa muzuri." Tukakaa naye kidogo tukicheka, kisha akauinua tena akaenda.

Sisi hapa hatujaguswa. Chumvi imekuwa adimu, na kila ninapoikosa kwenye chakula nakumbuka ile niliyokuambia utie. Je, wamekufa? Niambie tu. Nimeishi miaka mingi mbali na mlima wangu na nimezoea habari mbaya. Zisizofika ndizo sijazoea. Wakati mwingine namwazia samaki mwenye rangi ya kutu akigeuka ubavu kwa sababu ya mzee mmoja wa msituni aliyesema ana hakika.

Kuhusu mama yako usiwe na hofu. Alikuwa na afya njema nilipomwona, anakula vizuri, na kile kikohozi cha mwaka jana kilikwisha.

Nyanya zimeiva mapema.

Karangwa


Mombasa, tarehe 2 Aprili 2025

Mujomba Karangwa,

Salamu. Barua zako mbili, ya Desemba na ya Februari, zimefika siku moja katika bahasha moja ya Archange. Kuhusu chumvi nilikuandikia zamani. Kama haijakufikia, jua kwamba amebaki samaki mmoja na matumbawe yote mawili, na mimi mwenyewe niligundua kosa. Hilo limekwisha.

Umeandika: alikuwa na afya njema nilipomwona.

Nimeisoma mbele ya Mama Kahambu, na yeye aliinamisha kichwa kabla sijamaliza. Mujomba, muntu anayekula sahani moja nawe humwandiki hivyo. Desemba hayupo karibu. Februari hakuna mstari wake, yeye ambaye hata nikiwa internati, kwenye bweni la shule, alimlipa karani wa parokia maharage ili aniandikie nioge. Tangu Oktoba sijapata neno hata moja la kinywa chake.

Mama yuko wapi?

Usinijibu kwa nyanya. Nitangoja mpaka safari ya Archange ya mwisho wa Septemba. Kama kufikia hapo sijajua, napanda lori lake mpaka Butembo, na kutoka huko nitashuka Sake hata kwa miguu, nipande Kibabi nimtafute. Samaki nitamwachia Mama Kahambu. Nimeanza kumfundisha kiasi cha chakula.

Benita


Itebero, 11 Mei 2025

Mpwa wangu,

Barua zako za Desemba na Aprili nimezipata pamoja. Naruka salamu, utanisamehe, kwa mara ya kwanza.

Mama yako aliondoka hapa mnamo Novemba, asubuhi, na mtungi mdogo wa maji na kitambaa cha kumfutia ndama. Mtu aliyepita alimwambia Bihogo anakaribia kuzaa na Valens amelazwa. Nilimzuia mlangoni. Akasema, "Kaka, wewe uliacha ng'ombe zako ukaenda, na ukaishi. Mimi siko wewe." Kisha akaniapisha nisikuandikie jambo hilo, kwa sababu alijua ungekuja. Alisema atarudi kabla ya Noeli. Halafu vita vikapita katikati yetu.

Nimekaa mlangoni nikiwauliza wanaotoka Ngungu na milima ya juu. Mmoja aliona mama mwenye ng'ombe mmoja mwekundu karibu na kanisa la Kibabi, mwezi wa kwanza. Mwingine alisema Kibabi hakuna ng'ombe tena, wa rangi yoyote. Siwezi kukuambia yupi alisema kweli. Nilidhani nikinyamaza nalinda kiapo. Ulipoandika juu ya ule ukanda mweupe wa kioo nilielewa ninachofanya: nilikuwa nakuongezea chumvi juu ya chumvi.

Usije. Sikuamuru, nakuomba. Mnara wa Sake nao haushiki, na binti peke yake kwenye njia ile atatafutwa na mimi, na goti langu halifiki mbali. Mama yako anazijua njia za ng'ombe ambazo hazipiti barabarani. Niachie mpaka huo mwisho wa Septemba. Wewe baki mahali ambapo atakukuta.

Karangwa


Mombasa, tarehe 20 Juni 2025

Mujomba,

Asante kwa kuniambia. Nilikasirika siku kadhaa, kisha hasira ikapita, ikabaki hofu tu.

Nitabaki mpaka Septemba. Mama Kahambu amehangaikia karatasi za mpakani kwa jina la Mama, amempa Archange aje nazo kwako. Alisema tu, "Karatasi haziozi."

Kila asubuhi namimina maji matamu mpaka kwenye uzi mwekundu niliofunga kuzunguka kioo, nayafikisha pale pale. Nimeongeza samaki wa pili, na huyu wa zamani amemkubali baada ya kumfukuza siku nne. Matumbawe yamefunguka. Wote hawana jina.

Benita


Itebero, 27 Julai 2025

Mpwa wangu Benita,

Salamu nyingi kutoka kwangu, kwa Zéphyrin, na kwa watu wa hapa wanaojua jina lako kwa sababu ninalitaja mno. Mvua imepumzika. Goti limenyamaza.

Mama yako aliingia hapa siku tisa zilizopita, jioni, akiwa na fimbo na kile kitambaa. Amekonda, lakini ni yeye. Alikula, akalala siku mbili, akaamka akafagia uwanja wangu ambao ulikuwa umekwisha fagiliwa. Hakusema ametoka njia gani. Nilimuuliza habari ya Valens, akasema alizikwa vizuri. Habari ya Bihogo sikuiuliza.

Siku ya tano tulikuwa tunachambua maharage. Nikamsomea barua zako zote, hata ile ya Desemba uliyotaka nimfiche. Nilimwambia kosa la yai ni langu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Wamebaki wangapi?"

"Wawili. Wa zamani na mugeni."

"Ule wa zamani, mwenye alibaki. Rangi yake bado iko ya kutu?"

"Benita ameandika hivyo."

Akachambua maharage mengi. Nilidhani amehamia kwenye mambo mengine. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kutaja bei ya sabuni: "Andikia mutoto. Aitwe Bihogo."

Mkono wangu ulibaki ndani ya ungo. Aliniona. Akaendelea: "Na ule mugeni aitwe Gaju. Ndama hakuwahi kusimama, lakini nilikuwa nimekwisha mupatia jina."

Unaifahamu kanuni ya baba yetu kama mimi. Usimwombe akueleze. Labda siku moja ataeleza mwenyewe, akiwa ameelekea kioo.

Archange yupo hapa tangu juzi na karatasi za Mama Kahambu. Ndiyo sababu barua hii haikupita kwa mwenye pikipiki: anayekukabidhi ndiye mama yako. Kwa kuwa hajui kusoma, amenituma niandike kwamba anaogopa lori, na kwamba usimpikie samaki siku ya kwanza. Mimi nabaki. Nimekuwa mgeni hapa muda mrefu mno kuanza ugeni mwingine, na lazima awepo mtu mlangoni wa kuwauliza wanaopita.

Asubuhi hii amefunga mizigo mapema, akaja kuniuliza Bihogo hulishwa saa ngapi, na kama lori litachelewa, nani atamlisha. Nimemwambia sijui, akuulize wewe.

Mjomba wako,
Karangwa